Je, ni Kosa Kuacha Ungali na Nguvu?



Mwezi uliopita, baada ya mazoezi ya kwaya, vijana walibaki chini ya mti wakibishana kwa sauti kubwa, nami nikasogea kusikiliza. Kijana mmoja alikuwa amevaa jezi ya buluu aliyoinunua kwenye mitumba, mgongoni ina namba 20 na jina SANDERS. Wengi wetu tunavaa nguo za namna hii bila kujua jina lililoandikwa ni la nani. Huyu alijua. Dada yake alihamishiwa Marekani pamoja na mume na watoto, na siku moja kwa simu alimweleza kwamba mwenye jina hilo alikuwa bingwa wa mpira wa kule, tena aliacha mchezo ghafla akiwa bado na nguvu zote, amebakiza kidogo tu awe wa kwanza katika historia nzima.

Ubishi ulikuwa juu ya hilo. Alifanya vema au alikosa? Mzee wetu mmoja, ambaye huja mazoezini kumsubiri mjukuu wake, alisema mtu haachi jembe shambani mvua ingali inanyesha. Mama mmoja wa kwaya akamjibu, "Sasa Mzee, hilo jembe ni lake au ni la wale wanaomtazama akilima?" Watu wakacheka, kisha wakanigeukia: "Baba Mchungaji, amua." Sikuamua. Niliomba muda nikasome habari za mtu huyu, na haya ndiyo niliyoyapata na niliyoyawaza.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe, kwa sababu sisi tukisikia mpira tunafikiria kabumbu. Mpira huu wa Marekani una umbo la yai na unabebwa mikononi. Kila upande una watu 11 waliovaa kofia ngumu na kinga mabegani. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kuusogeza mbele yadi 10, yaani kama mita tisa. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Yuko mtu ambaye kazi yake ni kupewa mpira nyuma ya wenzake na kupenya nao katikati ya watu wenye kilo 100 na zaidi, ambao nao kazi yao ni kumwangusha. Huyo tumwite mkimbiaji. Kila yadi anayosogea inaandikwa, na yadi hizo hujumlishwa mwaka hata mwaka mpaka siku anapoacha.

Barry Sanders alizaliwa mwaka 1968 mjini Wichita, katika jimbo la Kansas, kwenye nyumba ya watoto 11. Baba yake, William, alikuwa fundi wa kuezeka mapaa, na watoto wake wa kiume walipanda huko juu kumsaidia. Barry hakuwa mrefu, mita 1.73 tu, na makocha wengi hawakumtazama mara mbili. Katika chuo kikuu cha Oklahoma State alikaa miaka miwili akiwa msaidizi wa mkimbiaji mwingine, Thurman Thomas. Alipopata nafasi mwaka 1988 alikimbia yadi 2,628 katika michezo 11, jambo ambalo halijawahi kuonekana, akapewa tuzo ya Heisman ambayo ni ya mchezaji bora wa vyuo vyote. Mwaka 1989 timu ya Detroit Lions ikamchukua. Inasemwa kwamba sehemu ya kumi ya fedha alizopewa kwa kusaini mkataba aliipeleka katika kanisa la kwao Wichita. (Siandiki hili kwa ajili ya mfuko wetu wa sadaka, ingawa mhazini angependa niendelee nalo.)

Tabia yake uwanjani iliwashangaza watu kuliko hata mbio zake. Wakimbiaji wengi wakifikisha mpira mwisho wa uwanja na kupata pointi, hucheza, huupiga mpira chini, hujionyesha mbele ya kamera. Yeye aliuchukua mpira akamkabidhi mwamuzi, kisha akarudi kukaa.

Tena kuna habari ya mwaka wake wa kwanza ambayo imenikaa moyoni. Mwaka huo aliyekuwa akiongoza kwa yadi katika ligi nzima ni Mwafrika, Christian Okoye wa Nigeria, ambaye alikwenda Marekani kwa ajili ya riadha na kurusha kisahani, akajifunza mpira huu ukubwani. Okoye alimaliza na yadi 1,480. Katika mchezo wa mwisho Sanders alikuwa amefika 1,470, na timu yake tayari ilikuwa inashinda. Kocha wake, Wayne Fontes, alimwambia amebakiza yadi 10 tu, je, anataka arudishwe uwanjani? Kwa mtu kama yeye hizo zilikuwa kazi ya mara mbili au tatu kuushika mpira. Akasema hapana, wamalize kushinda waende nyumbani. Kijana wa miaka 21, na taji liko mlangoni.

Kwa hiyo wale waliostaajabu miaka 10 baadaye labda hawakuwa wamemsikiliza tangu mwanzo.

Miaka hiyo 10 aliifanya kazi bila kupumzika. Kila mwaka alipita yadi 1,000, na kila mwaka alichaguliwa katika kikosi cha wachezaji bora wa ligi. Mwaka 1997 alikimbia yadi 2,053, akiwa mtu wa tatu tu katika historia kupita 2,000 kwa msimu mmoja, na akagawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi na Brett Favre. Lakini timu yake haikuwa ya kushinda. Katika miaka yote 10 Detroit ilishinda mchezo mmoja tu wa mtoano, Januari 1992, dhidi ya Dallas. Na asifikiri mtu kwamba kila siku kwake ilikuwa nzuri. Katika mchezo wa mtoano dhidi ya Green Bay, mwisho wa mwaka 1994, alipewa mpira mara 13, na jumla ya yote ikawa yadi moja kasoro. Yaani baada ya jasho lote lile alikuwa nyuma ya pale alipoanzia. Nadhani wako kati yetu wanaoujua mwaka wa namna hiyo.

Mwishoni mwa Julai 1999, siku moja kabla ya kambi ya mazoezi kufunguliwa, alituma barua fupi kwa faksi kwenye gazeti la kwao Wichita. Alisema anaacha, kwa kuwa hamu ya kuondoka imekuwa kubwa kuliko hamu ya kubaki. Hakuita waandishi, hakuwaaga mashabiki. Akapanda ndege kwenda London. Alikuwa na miaka 31 na yadi 15,269. Rekodi ya wakati wote ilikuwa ya Walter Payton wa Chicago, yadi 16,726. Zilibaki 1,457, na mwaka uliotangulia peke yake, ambao kwake haukuwa mwaka mzuri sana, alikuwa amekimbia 1,491.

Nilikaa nikazigeuza yadi hizo kuwa mita ili nizielewe. Zile zote 15,269 ni kama kilomita 14. Miaka 10 ya mtu, mwili wake wote, na jumla ya njia ni kilomita 14! Mama aliyekwenda kuni jana amepita hapo. Na zile zilizobaki ni mita 1,332. Nikafikiri, ni kitu gani hiki ambacho watu walimkasirikia, mita 1,332? Lakini kilomita hizo 14 alizipata kwa kupewa mpira mara 3,062, na karibu kila mara ilimalizika kwa kuangushwa chini na watu wazito kuliko yeye. Ukiigawa njia yake, ni mita nne na nusu kwa kila kuanguka. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba sisi tulio pembeni tunahesabu njia, na yeye aliyeikimbia anahesabu maanguko.

Na alikuwa ameona. Mwaka 1991 mwenzake wa timu, Mike Utley, aliumia shingo uwanjani na hakutembea tena. Desemba 1997, katika mchezo uleule ambao Sanders alivuka yadi 2,000 na uwanja mzima ukamshangilia, mwenzake mwingine, Reggie Brown, alilala chini hana pumzi mpaka akarudishiwa uhai pale pale uwanjani. Alipona akatembea, ila mpira ukaishia hapo. Siku moja, uwanja mmoja, yadi 2,000 na mtu aliyelala. Earl Campbell, mkimbiaji mkubwa wa Houston wa miaka ya nyuma, aligongana na watu kwa nguvu kuliko mtu mwingine yeyote wa wakati wake; leo anajulikana pia kwa mkongojo na kiti cha magurudumu. Daktari aliyewaonyesha Wamarekani jinsi vichwa vya wachezaji wao vinavyoharibika kwa ndani, Bennet Omalu, naye ni mzaliwa wa Nigeria. Aliufanya uchunguzi wake wa kwanza mwaka 2002. Sanders mwenyewe hakusema kwamba aliacha kwa kuogopa kuumia. Katika kitabu chake cha mwaka 2003 alieleza kwamba alichoka na timu iliyozoea kushindwa na kuwaacha wachezaji wake wazuri waondoke. Mimi namwamini. Hata hivyo mtu hubeba na yale ambayo hayasemi.

Sasa nirudi kwa mzee wetu wa jembe, maana hoja yake si ya kudharauliwa. Detroit ni mji wa viwanda vya magari, na viwanda vingi vilikuwa vimekwisha kufungwa au kupunguza watu. Wako wanaume waliofanya kazi juma zima wakiisubiri Jumapili wamwone huyu mmoja tu akipenya. Furaha ya watu ni kitu halisi. Wako waliokuwa wamekwisha kununua tiketi za msimu. Na kocha, Bobby Ross, angemtafuta wapi mkimbiaji mwingine zikiwa zimebaki saa chache kambi ianze? Kama Sanders alijua moyoni tangu mwezi wa pili au wa tatu, kwa nini alinyamaza mpaka Julai? Hapa sioni namna ya kumtetea vizuri. Kuna pia fedha. Mwaka 1997 alikuwa amesaini mkataba wa miaka sita na kupokea dola milioni 11 kwa kusaini tu, naye akafanya kazi miaka miwili. Timu ilidai sehemu irudishwe, na mwaka 2000 msuluhishi akaamua arudishe. Naona ni haki. Fedha ya miaka ambayo hukuilima si yako, hata kama jina lako ni kubwa kuliko la timu.

Lakini deni la fedha lina mwisho, unalipa linafutika. Lile la rekodi ni la namna gani? Nilijaribu kwa uaminifu kulitafuta nikashindwa kuliona. Aliahidi lini? Payton hakumdai. Payton mwenyewe, aliyekuwa na hizo yadi 16,726, katika miaka 13 alikosa mchezo mmoja tu, mtu wa chuma kweli kweli. Naye alifariki tarehe 1 Novemba mwaka huohuo wa 1999 kwa ugonjwa wa ini, hajafika hata miaka 50. Mwaka 2002 Emmitt Smith akaipita rekodi ile na kuisogeza mpaka 18,355. Kwa hiyo kama Sanders angeibeba, angekuwa nayo miaka michache tu. Na wale waliosema Detroit itaanguka bila yeye, waangalie: mwaka 1998 pamoja naye walishinda michezo mitano na kupoteza 11, mwaka 1999 bila yeye walishinda minane, wakapoteza minane, wakaingia mtoano. Kweli, baadaye walianguka vibaya, hata mwaka 2008 wakapoteza michezo yote 16. Ila huwezi kumlaumu mtu kwa mvua iliyokosa kunyesha miaka tisa baada ya yeye kuondoka shambani.

Ninachoona ni kwamba sisi wanadamu tukipewa kitu kizuri kupitia kwa mtu, upesi tunaanza kumwona mtu yule kama bomba la maji. Bomba likikauka tunapiga kelele, na hatuulizi bomba linajisikiaje. Nimeyaona haya hapa kwetu. Mama anayefundisha watoto wadogo miaka sita bila malipo, siku akisema amechoka, wa kwanza kumnung'unikia ni wale ambao hawakuwahi kumpelekea hata kikombe cha chai. Na nikiri kwamba mwaka juzi mmoja wa walionung'unika nilikuwa mimi.

Basi rekodi hakuidaiwa, na kuendelea hakukudaiwa. Linabaki jambo la kuaga, na hapa, wapendwa, ndipo kalamu yangu imekuwa nzito, kwa sababu nilianza kuandika nikitaka kuilaumu ile faksi.

Wengi wenu mnajua nilivyotoka kwetu. Nilikuwa nachunga kanisa dogo la mabati, familia chache. Usiku ule tulipata habari saa nne, na saa saba tulikuwa njiani, mimi, mke wangu na watoto watatu, huyu mdogo akiwa mgongoni. Nyumba ya mzee wa kanisa ilikuwa njiani. Nilipita mlangoni pake. Ningeweza kugonga. Nilijiambia nisiwaamshe watoto wake, nilijiambia mbwa watabweka, na hayo yalikuwa kweli. Lakini ukweli mwingine ni kwamba nilijua akitoka na kunitazama usoni sitaweza kwenda. Tulipofika upande wa pili wa mpaka niligundua ufunguo wa kanisa uko mfukoni mwangu. Jumapili ile watu walikuja wakakuta mlango umefungwa na mchungaji hayupo.

Najua mtasema si sawa, mimi nilikuwa nakimbia risasi na yeye alikuwa anakimbia timu inayoshindwa. Ni kweli, si sawa hata kidogo. Nyuma yake hapakuwa na mtu mwenye bunduki. Alikuwa na siku nyingi, simu, na meza ya kuandikia. Lakini ule mlango naufahamu. Ninajua jinsi mtu anavyoweza kuchagua njia isiyo na uso wa mtu, si kwa sababu anawadharau wale anaowaacha, bali kwa sababu anawaogopa kwa kuwapenda. Jim Brown, ambaye baba yake Sanders alikuwa akisema wazi kwamba alikuwa mkimbiaji bora kuliko mwanawe, naye aliacha mpira ghafla mwaka 1966 akiwa na miaka 30, naye pia habari zilitoka London, alikokuwa akiigiza filamu. Watu wawili wenye nguvu kuliko wote wa kazi yao, na wote wawili wakaona afadhali bahari iwe katikati.

Detroit ilichukua muda kupoa. Mwaka 2004 Sanders aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mpira ule, na aliyesimama kumtambulisha ni baba yake, yule fundi wa mapaa. Mwaka huohuo namba 20 ikastaafishwa katika timu, asiivae mwingine tena. Septemba 2023 wakamsimamishia sanamu nje ya uwanja wa Detroit, naye alikuwepo, mashabiki wamejaa. Januari 2024 timu ikashinda mchezo wa mtoano kwa mara ya kwanza tangu ule wa 1992. Miaka 24 kutoka faksi hadi sanamu. Nafikiri wengi wa wale waliokuja siku ya sanamu hawakuwa wakifikiria zile mita 1,332.

Mimi barua yangu ilichukua miaka minne. Niliianza mara nyingi na kila mara nilijikuta naeleza habari za barabara, za mvua, za watoto, kama mtu anayejitetea mahakamani. Mwishowe nilimpa dereva mmoja karatasi moja tu, nimeandika kwamba niko hai, ufunguo ninao, na naomba radhi kwa kupita mlangoni bila kugonga. Jibu lilikuja baada ya miezi mitano, limekunjwa ndogo kama sigara. Mzee yule aliandika kwamba kufuli walilivunja Jumapili ileile asubuhi wakaabudu kama kawaida, wala hawakukosa kitu. Walichotaka, alisema, ni kujua kama tulivuka.

Nilimsomea kijana wa jezi namba 20 makala hii kabla haijachapwa. Alifurahi, ila akataka niongeze kwamba jezi yake ni halisi, si ya kughushi, nami nimeongeza. Mzee wa jembe yeye bado hajaridhika. Anasema faksi si barua, na kwamba mtu mwenye dola milioni 11 angeweza kupanda gari akaenda kuwaaga watu kwa miguu yake. Tumeahidiana kuendelea Jumamosi baada ya mazoezi, chini ya mti uleule, na mke wake amesema ataleta karanga.